Kiingereza Kilichomsifu Mjomba

Mimi ni Mhaya, na Wahaya tuna ugonjwa mmoja ambao hatuutafutii dawa: tunakipenda Kiingereza. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini nilipopangiwa kufundisha somo hilo kwenye shule moja ya sekondari Nachingwea, nilifurahia somo na kuchukia mahali. Nilitoka Bukoba, kwenye mvua isiyojua likizo, nikaletwa kwenye joto ambalo wenzangu wote wa kuja waliniambia nitalizoea. Sikulizoea. Kila mwaka ikifika Septemba nililigombeza jua kwa sauti nikiwa peke yangu uani, na mama mwenye nyumba wangu alikuwa akitoka ndani kuangalia nimepata mgeni gani.

Septemba ndiyo ilikuwa pia mwanzo wa miezi ya moshi. Watu walichoma mashamba kabla ya kulima, na wakishamaliza mashamba walichoma vichaka kutafuta ndezi. Ndezi ni jamii ya panya, lakini usimdharau. Ni mkubwa kama paka aliyeshiba, na nyama yake ukishaila hutauliza tena ukoo wake. Wanatega nyavu upande mmoja, wanawasha moto upande wa pili, mbwa wanasubiri katikati. Moshi wake ulikuwa unanifikia mpaka darasani, na mimi nilikuwa nafundisha huku nikikohoa na kulaani.

Ndipo katika miaka ya mwanzo ya elfu mbili wakaja watu kutoka Dar es Salaam kutufanyia semina walimu wa Kiingereza. Walisema tusifundishe tena Kiingereza kitupu. Ndani yake tuingize habari za dunia kupata joto, misitu kuisha na mvua kupotea njia. Neno tabianchi lilikuwa bado halijatufikia huku, kwa hiyo tulikuwa tunasema tu "hali ya hewa kuharibika". Wenzangu walisinzia. Mimi nilikaa wima, kwa sababu hasira zangu zote na jua zilikuwa sasa zimepata muhtasari wa somo.

Kwenye semina ileile alikuwepo mwalimu wa kike wa shule ya msingi aliyetoka Malolo, wilaya ya Ruangwa, Mmwera wa kuzaliwa. Tulipoambiwa tusimame mmoja mmoja tuzungumze juu ya misitu, mimi nilizungumza mpaka mwezeshaji akatazama saa. Nilipokaa, yule mwalimu akaniinamia.

"Mwalimu," akasema, "Kiingereza unakijua. Lakini mbona unakisema kama unadai haki yako polisi?"

Sikuwahi kuchekwa vizuri namna ile. Chakula cha mchana nilikaa meza yake, na jioni nilikuwa nimeshaanza kutafuta sababu za kwenda Ruangwa. Katika mwaka ule hakuna mwalimu wa Nachingwea aliyekuwa na shughuli nyingi za kikazi Ruangwa kuliko mimi. Nilimpenda mwanamke yule mpaka nikaacha kuligombeza jua. Nilikuwa napanda lori la mchana na kushuka nimejaa vumbi, nikicheka.

Nilipotuma mshenga, nikajifunza kitu ambacho hakuna semina iliyonifundisha. Baba wa binti alikuwepo, mtu mpole, alimpokea mshenga vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Haya ni maneno mazuri. Yapeleke kwa mjomba wake." Kwa Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu ya binti anayeolewa linatoka kinywani mwa mjomba. Mjomba huyu ndiye aliyemlea, ndiye aliyeuza korosho zake kumsomesha ualimu, na hakuwa na haraka. Alimjibu mshenga kwamba hana ubaya na Mhaya, ila hajawahi kuwa na Mhaya nyumbani, kwa hiyo atanitazama kwanza.

"Atanitazama vipi?" nikamuuliza mshenga, ambaye alikuwa mwalimu mwenzangu wa Jiografia.

"Hakusema. Kasema atakutazama."

Kuna kitu kimoja mshenga alisahau kuniambia, na alisahau kwa sababu alikuwa amekaribishwa nyama akala akalegea. Mjomba yule ndiye aliyekuwa kiongozi wa uwindaji wa moto Malolo nzima. Pasipo yeye kunusa upepo na kusema "washeni", hakuna aliyewasha.

Turudi darasani. Nilianza kufundisha kuharibika kwa hali ya hewa kwa mbwembwe zote. Kitabu tulicholetewa kilisema gesi chafu zimeizunguka dunia mfano wa blanketi zito. Nikawaeleza kwa Kiingereza kitamu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole akauliza ni nani anayelala na blanketi Nachingwea mwezi wa kumi. Nikamwambia ni mfano. Akasema anaelewa ni mfano, ila kama dunia inaona joto si iondoe blanketi? Darasa zima likakubaliana naye, na mimi nikafunua ukurasa.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu kinachoyeyuka. Nikawaambia waandike sentensi tatu za kumhurumia. Wanafunzi wangu walikuwa wakiijua barafu ya pale mjini, ile ya kwenye vifuko vya nailoni, ambayo ukiinunua sokoni unafika shuleni umeshika maji. Karibu wote waliandika kwamba yule mnyama alifanya kosa kununua barafu mchana. Nikawapa alama za sarufi, maana sarufi ilikuwa safi.

Nikaamua kuachana na dubu, nitumie mambo ya hapa. Nikawauliza kwa Kiingereza ni nani anayeharibu hewa ya Nachingwea. Wakasema hapa hakuna kiwanda. Nikasema, na moshi ule pale dirishani ni wa nini? Wakageuka wote wakautazama, kisha wakanitazama mimi kwa mshangao. Ule haukuwa moshi kwao. Ule ulikuwa mboga. Nikawachambulia jambo lile kwa majuma kadhaa: kichaka kikiungua kila mwaka miti haikui, udongo unabaki uchi, mvua ikija inauzoa, na moto ukishaponyoka unaingia kwenye mikorosho ya jirani. Hili la mikorosho liliwaingia. Kila mmoja alikuwa na shangazi ambaye mkorosho wake uliunguzwa na moto wa mtu mwingine.

Aliyeingiwa kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa wakulima wa Chiola, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mtu anayeita watu ng'ambo ya bonde. Nilimfanya kiongozi wa timu ya mdahalo, na nilifanya hivyo kwa sababu tulikuwa tumealikwa kushindana kwa Kiingereza na shule moja ya Ruangwa. Mada ilikuwa hii: mkulima anaharibu hali ya hewa kuliko mwenye kiwanda. Upande wa kutetea na wa kupinga ungeamuliwa kwa kura. Ndiyo desturi ya mdahalo. Upande ukikuangukia unautetea kwa damu yako, hata kama unamtukana baba yako mzazi.

Kura ikatuangukia upande wa kumlaumu mkulima. Sikuona shida yoyote, mpaka tulipofika Ruangwa, tukaingia ukumbini, na nikaona waliokaa mbele.

Mkuu wa shule ya Ruangwa, mtu wa kuja kama mimi, alikuwa amewaalika wazee wa kamati waje waone watoto wanavyomeza Kiingereza. Katikati ya safu, kwenye kiti chenye kitambaa cha maua, alikaa mgeni rasmi. Alikuwa amevaa kanzu safi na koti juu yake, fimbo katikati ya magoti, macho yakinitazama bila kupepesa. Nilikuwa nimeshamwona mara moja tu, kwa mbali. Alikuwa mjomba, na hapo ndipo mshenga wangu, aliyekuja nasi, alipokumbuka kuninong'oneza kwamba mzee ndiye mwenye moto wa Malolo.

Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hawajambo Nachingwea?"

"Hawajambo, mzee."

"Nimekuja kukutazama," akasema.

Na kwa kuwa wale wazee na kina bibi hawakujua Kiingereza, na baadhi yao hata Kiswahili walikuwa wakikisikia zaidi kuliko kukisema, mkuu wa shule alikuwa ametafuta mkalimani wa kuwaeleza kwa Kimwera, hoja baada ya hoja. Alimtafuta mwalimu mwenye Kiingereza kizuri na Kimwera cha nyumbani. Akampata Malolo. Mchumba wangu alikuwa amekaa kando ya mjomba wake, amejifunga kitenge kipya, na aliponitazama niliona kwamba na yeye amejua mada sasa hivi tu, kama mimi nilivyomjua mgeni sasa hivi.

Ilikuwa imeshachelewa. Mwenyekiti akagonga meza, mtunza saa akakaa sawa, na yule msichana wa Chiola akapanda jukwaani.

Nisimnyime haki yake. Sijapata kuwa na mwanafunzi aliyezungumza vile. Alianza na salamu zote za mdahalo, mwenyekiti mheshimiwa, majaji wasiopendelea, mtunza saa makini, kisha akawavaa wachoma vichaka. Alisema kwa Kiingereza kwamba mtu anayeunguza bonde zima kwa ajili ya ndezi wawili ana tumbo kubwa kuliko kichwa. Alipofika kwenye tumbo akajishika tumbo, alipofika kwenye kichwa akajigonga kichwa. Alisema wachomaji ni maadui wa mvua, na kwamba wajukuu watakuja kulamba majivu. Sentensi zote hizo nilizijua. Nilizitunga mimi.

Nilifumba macho. Nikasikia sauti ya mchumba wangu, ya upole, ikitafsiri kwa Kimwera. Nikasubiri fimbo.

Nilichosikia kilikuwa makofi.

Nikafumbua macho. Wazee walikuwa wakipiga makofi, kina bibi wawili walikuwa wakipiga vigelegele, na mjomba alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekula kitu kitamu. Msichana akapata nguvu, akaongeza ukali. Kadiri alivyowatukana ndivyo walivyofurahi. Alipomaliza, bibi mmoja akanyanyuka, akacheza hatua zake mpaka jukwaani, akamtunza msichana kwa kumvisha kanga yake shingoni. Mwingine akamtia korosho mkononi. Wenyeji wetu wa Ruangwa, waliosimama baadaye kuwatetea wakulima kwa nguvu zote, walipigiwa makofi ya adabu tu.

Nitasema nilivyojisikia siku ile, hata kama mtanicheka. Niliamini ni mimi. Niliamini kwamba ukweli ukisemwa kwa Kiingereza kizuri unapenya hata kwa asiyekijua, na kwamba hapa mbele yangu Malolo inatubu. Niliona baadhi ya wanafunzi wakicheka wamejiziba midomo, nikadhani ni furaha. Nililengwalengwa na machozi ya kujivunia kazi yangu.

Majaji, ambao nao wote walikuwa watu wa kuja, wakatupa ushindi. Kisha mgeni rasmi akasimama kufunga. Alizungumza Kimwera, kirefu, fimbo ikielekeza huku na huku, na ukumbi ukamshangilia. Sasa ilikuwa zamu ya mkalimani kututafsiria sisi wa kuja kwa Kiswahili. Mchumba wangu akasimama, na hakunitazama.

"Mgeni rasmi anawashukuru watoto wa Nachingwea," akasema, "kwa jinsi walivyousifia moto."

Nikageuka kumtazama mshenga wangu. Mshenga wangu alikuwa anatazama dari.

"Anasema hajapata kuwasikia watu wenye elimu wakiuheshimu moto wa wazee namna hii. Anasema yule binti aliposema kwamba mwenye kuchoma ana tumbo la kulisha kijiji na kichwa cha kujua upepo, yeye mwenyewe machozi yalitaka kumtoka. Kwa hiyo Jumamosi ijayo ataitisha uwindaji Malolo kwa heshima ya watoto hawa, na anaomba waje wote waone moto wenyewe. Na anasema," hapa sauti ikapungua, "huyu mwalimu wao, anayetaka kuoa kwetu, ndiye atakayeuwasha."

Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga pia, kwa kuwa mikono haikujua la kufanya.

Nilimkuta nje, karibu na tangi la maji.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimefanya nini?" akaniuliza yeye. "Mtoto wako anamwambia mjomba wangu tumbo lake kubwa kuliko kichwa, siku aliyokuja kukutazama. Ulitaka nitafsiri?"

"Ulipaswa kutafsiri."

"Ningetafsiri, sasa hivi ungekuwa unatafuta lori la kurudi Nachingwea, na mchumba mwingine."

"Na wanafunzi wangu? Si wanasikia Kimwera wale?"

"Wanasikia. Wamedhani ni mbinu yako."

Alikuwa amenidanganyia jamii nzima bila kuombwa. Nilikasirika naye na nikampenda zaidi papo hapo, vyote viwili, na sikujua kipi nikiseme.

Juma lile lilikuwa refu. Nilimwomba shauri mshenga, akasema, "Washa, oa, halafu tubu. Mungu ni mwingi wa rehema, wajomba sivyo." Nilimwomba shauri mkuu wangu wa shule, akauliza kama Jumamosi hiyo kutakuwa na nyama. Darasani sikuweza kuutazama ubao. Timu yangu ya mdahalo ilikuwa inajiandaa kwa safari kwa furaha, na msichana wa Chiola alinitazama kila kipindi kama anayetaka kuuliza kitu na hataki kunikosea adabu.

Jumamosi lori la kubebea korosho likatupeleka Malolo. Watu walikuwa wameshajipanga: nyavu upande wa chini, vijana na mbwa pembeni, wanawake na sufuria mbali kidogo. Mbele yetu kulikuwa na kichaka kikavu cha majani marefu, na nyuma ya kichaka, si mbali, niliona mikorosho ya watu imechanua. Mjomba akanusa upepo. Akatwaa kienge cha nyasi, akakiwasha kwenye kaa, akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenzake kitu cha heshima.

"Haya, Mwalimu. Bismillahi."

Nikakishika. Moto ulikuwa unapanda kuelekea vidole vyangu. Nikamtazama mchumba wangu aliyesimama kando ya mjomba wake. Akanikazia macho: washa.

Hapo ndipo msichana wa Chiola aliponyoosha mkono. Pale porini, katikati ya mbwa na nyavu, aliomba nafasi kwa Kiingereza, kwa kanuni zote, kama mwenyekiti na mtunza saa wapo. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama moto huu ni ule tuliousoma, au kuna mwingine. Wenzake wote wakanitazama. Hawakunisuta, wangenisuta ningekasirika, na nikikasirika mimi huwa najua la kufanya. Walitaka kujua tu.

"Anasemaje mtoto?" mjomba akauliza, akamgeukia mpwa wake.

Nikamwona akifungua mdomo. Nilijua angesema nini. Angesema mtoto anauombea moto baraka, na mjomba angefurahi, na mimi ningewasha, na ningeoa. Na Jumatatu ningeingia darasani na wale watoto wangenitazama vilevile, bila kusuta, na wasingeniuliza tena kitu chochote maisha yao yote.

"Usitafsiri," nikasema.

Nikakitupa kienge chini nikakikanyaga, nikaunguza soli ya kiatu. Kisha nikamwambia mjomba kwa Kiswahili, na wahenga wanisamehe, walisema mficha uchi hazai, ila hawakusema aufunue mbele ya wakwe. Nikamwambia siku ile hakuna aliyeusifu moto. Nikamwambia watoto walisema kinyume, na maneno niliwafundisha mimi, na siwezi kuwasha.

Wanawake wakatua sufuria. Hata mbwa walikaa.

Mjomba alimwita msichana wa Chiola, akamuuliza kwa Kimwera. Na yule mtoto, aliyefundishwa kujibu swali kikamilifu, akajibu kikamilifu. Sikuelewa neno hata moja, lakini ishara nilizijua. Alipojishika tumbo nikajua tumefika wapi. Alipojigonga kichwa nikatamani ardhi ipasuke.

"Kumbe tumbo langu kubwa kuliko kichwa," mjomba akasema, sasa kwa Kiswahili.

"Ni mdahalo, mzee. Kura ingeangukia upande wa pili tungekusifu."

"Kwa hiyo Kiingereza ni lugha ya kusemea usiyoyaamini?"

"Hapana, mzee. Hili tunaliamini."

Akanitazama tangu viatu mpaka kichwani.

"Kwenu nasikia mnakula panzi."

"Senene, mzee."

"Nao mnawachomea vichaka?"

"Tunawakamata kwa taa."

"Basi kalete taa yako ukamate ndezi." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikajua kicheko kile si cha kunisamehe. Mjomba akanyoosha fimbo kuelekea kichakani. "Nyavu zipo. Mbwa wapo. Kazi ya moto ni kumtoa ndezi majanini aje kwenye wavu. Moto umeukataa, sawa, kila mtu na imani yake. Lakini watu wamekuja na masufuria. Ingia wewe ukawatoe."

Nikaona jambo hilo ni rahisi. Nikashukuru hata. Nikavua shati nisilichane, na nikashangaa kusikia kina mama wakipiga yowe. Ni baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba kichaka kile kilikuwa kimejaa upupu, na kwamba mwezi ule maganda yake yamekauka na yanapukutika ukiyatazama tu. Ndiyo sababu hakuna mtu wa Malolo aliyewahi kuwatoa ndezi kwa miguu yake tangu Malolo iwepo. Mbwa wenyewe walibaki nje wakinitazama kwa masikitiko.

Sitasimulia yote. Niliingia nikipiga majani kwa fimbo na kupiga kelele za ujasiri, na baada ya muda mfupi nilikuwa napiga kelele za aina nyingine. Moto ulitambaa mwilini mwangu badala ya kichakani. Nilikimbia kuelekea kwenye nyavu, nilikimbia kutoka kwenye nyavu, nilijikuna kwa mikono yote miwili, na Kiingereza kilichonitoka siku ile sikuwahi kukifundisha popote. Ndezi hawakuwa wameona kitu cha namna hii. Walitoka wote kwa pamoja. Nilijitupa nje ya kichaka nikaangukia kwenye wavu pamoja nao, na vijana wakapata kazi ya kututenganisha.

Sidai kwamba Malolo waliacha kuchoma kuanzia siku ile. Mwaka uliofuata niliuona moshi upande uleule na nikaligombeza jua kama zamani. Lakini kichaka kile, kile cha karibu na mikorosho, mjomba hakukiwasha tena. Watu wakimuuliza alikuwa akisema kile ni kichaka cha Mwalimu, anayetaka ndezi wake aingie kwa miguu. Na wanafunzi wangu waliendelea kuniuliza maswali.

Siku ile walinikalisha kwenye kigoda kivulini, kina mama wakanipaka majivu ya mekoni tangu shingoni mpaka kiunoni. Nilikuwa mweupe kuliko yule dubu wa kitabuni. Timu ya mdahalo ilinizunguka. Mchumba wangu alisimama nyuma ya mjomba wake, kichwa chini, na nilijua nimemharibia. Nilikuwa nimemtangaza mwongo mbele ya watu wake wote. Kuwashwa kote kule hakukuniuma kama hilo.

Mjomba akavuta kigoda chake, akakaa mbele yangu.

"Mtoto huyu nimemlea hajaota meno," akasema. "Hajawahi kunidanganya, hata sukari akiiba alikuja kusema. Juzi kanidanganya mbele ya kamati nzima, macho makavu, Kimwera kizuri. Kwa ajili yako."

"Nisamehe, mzee."

"Subiri. Binti anayeweza kumdanganya mjomba wake hadharani kwa ajili ya mwanamume, huyo ameshaolewa. Mimi sina cha kukupa tena, amejitoa mwenyewe. Kilichokuwa kinanitia wasiwasi ni wewe. Nikajiuliza, na huyu Mhaya atanidanganya pia? Nyumba ya waongo wawili, mimi nikija kuwatembelea nitamuuliza nani habari za humo ndani?" Akainuka, akajipangusa kanzu. "Mwongo mmoja anatosha nyumba moja. Mwambie mshenga wako aje tuzungumze habari ya pilau."

Kina mama wakapiga vigelegele. Timu ya mdahalo ikapiga makofi yale ya kupokezana, kama hoja imepita. Mimi nilikuwa nimekaa na majivu yangu, na machozi yakaanza kunishuka yakichora njia kifuani, na sikuweza kuyazuia.

"Mwalimu analia nini?" mjomba akauliza.

"Ni upupu, mzee," nikasema.

Nilikuwa nimesema Kiswahili, na mjomba alikuwa amesikia vizuri. Hata hivyo mpwa wake akainua kichwa, akamgeukia, akamtafsiria kwa Kimwera, taratibu, kwamba ni upupu.